Mkesha wa Kidari

Kwetu Mombasa moshi una heshima yake. Chetezo hutiwa makaa, juu yake udi, na kanzu ya Idi ikashikiliwa ivute harufu. Mwenye kufukiza anajua kwamba kaa likipamba moto udi huungua na kunuka, na kaa likifa nusu hutoa moshi mweupe unaochoma macho. Baina ya hayo mawili pana moshi mwembamba, hauonekani vizuri, nao ndio unaokaa kwenye nguo wiki nzima. Maarifa hayo nilifunzwa na bibi yangu. Sikutaraji kuyakuta tena kwenye uwanja wa kuegeshea magari wa kanisa moja huko Killeen, Texas, kwa sajini mstaafu aliyekuwa ameinua uso saa mbili za usiku, akiitazama dohani ya jiko lake kama nahodha anavyotazama tanga.

Nilikuwa nimekwenda kukaa na wifi yangu. Mdogo wangu aliingia jeshi la nchi kavu la Marekani kwa mpango uliowapokea wageni wenye lugha zilizohitajika jeshini. Kiswahili kilikuwamo katika orodha, na vijana wengi wa Kenya walipita mlango huo kabla mpango haujasimamishwa 2016. Mwaka niliokwenda mimi kikosi chake kilikuwa Ulaya Mashariki kwa zamu ya miezi tisa. Wifi alibaki na mtoto wa kwanza mgongoni na wa pili tumboni.

Killeen ni mji uliopanuka ubavuni mwa kambi ya jeshi. Kambi yenyewe ilifunguliwa 1942. Mwaka 2023 ikapewa jina la Fort Cavazos, na 2025 ikarudishiwa la Fort Hood, lakini wenyeji hawakuacha kuiita walivyozoea. Ukipita mitaani unaona magari yaliyofunikwa turubai, nyasi zimemea kando ya magurudumu. Hujaambiwa kitu, ila unajua mwenye gari yuko mbali.

Basi mara moja moja, kikosi kinapokuwa nje, watu wa mji huo huwapikia jamaa waliobaki. Safari hiyo walitarajiwa watu 350. Wapishi hatukufika 15, wote wa kujitolea: wastaafu wa jeshi, fundi magari, mwalimu wa shule ya msingi, mume na mke waliokuwa na duka la matairi. Mimi nilijiongeza kwa sababu wifi alikuwa hawezi kusimama muda mrefu, na kwa sababu nimezoea jikoni mwa harusi, ambako pilau ya sufuria kubwa hupaliwa makaa juu ya mfuniko. Nilidhani najua kupikia umati.

Chakula chenyewe kilikuwa kidari. Ng'ombe hana mtulinga, kwa hiyo misuli ya kifua ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito wake, akisimama na akitembea, siku zote za uhai wake. Nyama iliyobeba mzigo namna hiyo hujaa nyuzi na kano. Ichome kwa makaa kama tunavyochoma mbuzi, saa moja na nusu hivi, nawe utatafuna kiatu. Lakini ipe joto dogo kwa saa nyingi, na zile kano, zilizojaa kitu ambacho wataalamu huita kolajeni, hulegea zikageuka ute mtamu unaoilainisha nyama kutoka ndani. Hakuna viungo wala achari inayoweza kufanya kazi hiyo badala ya muda. Sajini alitumia chumvi na pilipili manga iliyosagwa kwa chengachenga, basi.

Tulianza Ijumaa mchana, kwa visu. Vidari 20, kila kimoja kama kilo 6. Mafuta ya juu hupunguzwa hadi ubaki unene wa nusu sentimita. Yakizidi moshi haupenyi, yakipungua nyama hukauka. Kazi hii haina sifa kwa sababu hakuna atakayeiona. Hesabu yake ilinitia hofu: kidari hupoteza karibu nusu ya uzito, sehemu kwenye kisu na sehemu kwenye moto, kwa hiyo kilo zile 120 zingebaki 60, na kila mtu angepata gramu 170. Kidari kimoja kikiharibika, watu kama 17 wanakosa.

Vitatu kati ya hivyo 20 vilikuwa vya halali, vimenunuliwa kwa mchinjaji Muislamu wa Austin. Sikuomba mimi. Sajini alikuwa amekaa jeshini miaka mingi, amekula na kulala na kila aina ya watu, na alijua kwamba katika jamaa 350 hawakosi wasiokula nyama yoyote tu. Alitenga jiko dogo, akalisugua, akalichoma tupu kwa saa nzima, kisha akalikabidhi koleo lake na ubao wake. Aliponieleza hakutaka shukrani; alikuwa akinionyesha tu vyombo vilipo. Mimi niligeuka kando nikapangusa macho, na moshi ulikuwa bado haujaanza.

Jiko kubwa lilikuwa tangi kuukuu la gesi, la ujazo wa lita 3,800 hivi, limelazwa juu ya trela. Ubavuni mwake limeunganishwa tanuri la chuma, na upande wa pili imesimama dohani. Nyama haikai juu ya moto. Moto uko chumba chake, nyama chumba chake, na joto na moshi hupita katikati vikielekea kutoka. Kuni ni za mwaloni, zimekaushwa kama mwaka mmoja. Mbichi hutoa moshi mchungu; iliyokauka kupita kiasi hulipuka ikaisha bila kutoa harufu. Sajini aligonganisha vipande viwili akasikiliza mlio kabla ya kuvitia. Saa 11 jioni vidari viliingia, na mshale wa kipimajoto ukatulia kwenye nyuzi 120 za sentigredi. Kuanzia hapo hadi asubuhi kazi yetu ilikuwa kuuzuia mshale ule usitembee.

Hapo ndipo ufundi ulipo, na ndipo ninapotaka kuusifu. Ukikiangalia kwa mbali, kinachofanyika ni wazee kukaa kwenye viti vya kukunja. Ukae nao, utaona kwamba kila dakika 30 au 40 mmoja anainuka bila kuambiwa, anatia ukuni mmoja, anasimama mpaka ushike, anaitazama dohani. Moshi mweupe mzito ni moto unaokosa hewa. Ataufungulia mlango kidogo. Moshi wa buluu hafifu, unaouona tu ukiwa na giza nyuma yake, ndio unaotakiwa. Upepo ukigeuka, kila kitu hubadilika na mahesabu huanza upya. Hawakuandika lolote. Walikuwa wanausoma moto kama mvuvi anavyosoma maji.

Watu wa babekyu ya Marekani hubishana juu ya asili yake, na ninaelewa kwa nini. Neno lenyewe lilitoka kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi, likapitia kwa Wahispania. Mabucha ya Wajerumani na Wacheki ya Texas ya kati yaliacha mtindo wa kumpa mteja nyama juu ya karatasi. Mojawapo, Kreuz Market la Lockhart, lilianza 1900. Lakini usiku ule, katika mwanga wa tanuri, nilikuwa nikitazama mikono ya mtu mweusi wa Texas, na nilikumbuka historia nyingine. Kusini mwa Marekani watumwa ndio waliochimba mahandaki, wakakoka moto, wakakesha wakigeuza nyama za karamu ambazo hawakualikwa. Tarehe 19 Juni 1865 jeshi lilipotangaza uhuru wao kule Galveston, walichagua kuisherehekea siku hiyo, mwaka baada ya mwaka, kwa nyama ileile, safari hii ya kwao wenyewe. Sajini aliniambia babu yake alikuwa na shimo nyuma ya nyumba, na kwamba yeye alipewa zamu ya kwanza ya moto akiwa na miaka tisa. Kukeshea watu kwa hiari ni jambo kubwa mahali ambapo wazee wako walikesha kwa kulazimishwa. Yeye hakulisema hivyo. Ninalisema mimi.

Karibu saa tano usiku nyama ilikataa kupanda. Kipimo kilifika nyuzi 68 kikasimama. Saa sita, 68. Saa saba, 69. Niliuliza kama moto umepungua, haukuwa umepungua. Ni kwamba nyama ilikuwa inatoka jasho. Maji yanayopanda kutoka ndani hukauka juu yake na kuondoka na joto, kama mtungi wa udongo unavyotoa jasho na kuyapoza maji ya kunywa bila barafu. Wapishi wengi huharibikiwa hapo. Wakiona mshale umegoma saa tatu nzima, huongeza kuni, na nyama huungua nje ikabaki ngumu ndani. Wenzangu walimimina kahawa. Mwalimu alikuwa na mume kwenye kikosi kilekile cha mdogo wangu. Alisema mwezi wa tano ndio mgumu zaidi: wa kwanza una shughuli, wa mwisho una matumaini, lakini wa tano hauna kitu. Hakuna aliyemjibu. Fundi magari aliinuka, akatia ukuni, akarudi akaketi karibu naye zaidi kuliko mwanzo.

Saa nane za usiku, ukoko ulipokuwa umeshika, mweusi na mkavu kama ukoko wa wali, tulivitoa vidari kimoja kimoja tukavifunga kwa karatasi ya bucha, tukavirudisha. Sajini akaenda kujinyoosha ndani ya gari. Zamu ya saa tisa ilikuwa yangu.

Nililala. Nilikaa kwenye kiti, nikajifunika shuka la mtoto wa wifi kwa ajili ya baridi ya Novemba, nikayafumba macho kidogo tu, na nilipoyafumbua mshale ulikuwa umeshuka hadi 90 na tanuri lina makaa mekundu tu. Moyo ulinipasuka. Niliona watu 350 wamesimama na sahani tupu. Nilikuwa nimekumbatia kuni tano nikitaka kuzitia zote, sajini aliponishika mkono kwa nyuma. Alikuwa ameamshwa na harufu. Moto ukififia harufu yake hubadilika, na yeye aliisikia usingizini. Akazirudisha kuni zangu chini, akachukua vijiti vyembamba, akavipanga juu ya makaa huku ameacha nafasi za hewa, akasubiri mwali. Kisha kimoja kinene kidogo. Kisha ukuni. "Moto haukukasirikii," alisema. "Una njaa tu. Mwenye njaa hapewi mfupa kwanza." Mshale ulirudi 120 baada ya nusu saa, akaniachia zamu yangu hadi alfajiri. Kwamba hakuninyang'anya, ni jambo ninalolikumbuka kuliko nyama.

Saa mbili asubuhi alianza kuvipima kwa sindano ndefu. Vilikuwa vimefika kama nyuzi 95, lakini hakuamini namba peke yake: sindano iingie kama kwenye papai lililoiva, na kidari kikiinuliwa kitikisike kama faluda. Kimoja kiliiva saa moja kabla ya jirani yake, ingawa vilikaa bega kwa bega. Viwili vilichelewa hadi saa tatu na nusu, vikangojewa. Vyote vililazwa ndani ya masanduku ya kuhifadhia joto, vimefunikwa mataulo, wakati mwalimu akipita na kipimo kuhakikisha havishuki chini ya nyuzi 60, maana chini ya hapo vijidudu huamka. Nyama hupumzika, ute wake ukarudi kukaa mahali pake. Sisi hatukupumzika, kulikuwa na maharage, saladi ya viazi, mikate ya kukata, na meza za kupanga.

Saa saba walikuja. Wanawake wenye watoto wawili wawili, akina baba pia wenye watoto, maana wapo wanaume wengi ambao walioondoka ni wake zao. Mabibi waliohamia kutoka majimbo mengine kuja kulea. Wifi nilimpa kiti kivulini. Nilitegemea tungepakua haraka kama tunavyopakua shughulini, sinia baada ya sinia. Sajini alisimama kwenye ubao na kisu kirefu, akamwuliza wa kwanza: upande wa mafuta au mnofu? Akakata kwa kukingama nyuzi, vipande vyenye unene wa penseli, akavilaza juu ya karatasi. Akamwuliza wa pili. Ndani ya kila kipande, chini ya ukoko, palikuwa na utepe mwekundu kama waridi, alama ya moshi kukutana na nyama ikiwa bado mbichi. Mtoto mmoja aliuliza kama ni damu, naye akasimamisha kazi, akainama, akamweleza. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Aliendelea kuuliza, mtu kwa mtu, mpaka wa mwisho. Wanaoishi na jeshi huitwa kwa namba za kikosi, za nyumba, za vitambulisho. Pale kila mmoja aliulizwa anapenda nini, na jibu lake likakatwa mbele ya macho yake.

Wifi alimpigia mdogo wangu kwa video. Kule ilikuwa usiku. Hakusema mengi; aliomba tu asogezewe ukoko karibu na simu.

Kidari cha mwisho hakikuguswa. Kilikuwa cha askari wa zamu getini, ambao hawangeweza kuja. Sajini alikifunga mwenyewe, mataulo mawili, akakiweka kwenye kiti cha mbele cha gari lake. Tulikuwa tumemaliza kuzoa majivu. Buibui langu lilinuka mwaloni, na nililikunja nikaliweka kando na nguo zilizokwenda kufuliwa. Aliwasha gari, kisha akateremsha kioo akaniita. Mwezi ujao kikosi kingine kinaondoka, akasema, na moto utawashwa Ijumaa saa zilezile.

"Zamu yako saa tisa."