Kuziba Pengo la Minyaa

Ukiona pengo kwenye ua wa minyaa, usikimbilie panga. Chuchumaa kwanza, utazame chini. Mbuzi huacha kinjia chembamba chenye vinyesi vikavu. Nyayo za watoto huisugua ardhi mpaka ing'ae. Na mahali panapotuama maji, shina huoza na kulala lenyewe bila kukanyagwa na yeyote. Kila pengo lina mwenyewe. Asiyemtambua ataziba leo, kesho akute pamefunguliwa hatua mbili pembeni.

Huku Usukumani kaya nyingi zimezungushiwa minyaa tangu enzi za mababu, na raha yake ni kwamba kiraka hukatwa kwenye nguo ileile. Unachagua upande uliosongamana, unapunguza matawi yenye unene wa kidole gumba. Hapo ndipo mkono wa fundi unapojulikana. Utomvu mweupe wa minyaa ukikurukia jichoni unaweza kukupofusha kwa muda, kwa hiyo mzoefu hukata akiwa ameupa upepo kisogo, na hajifuti jasho kwa kiganja hata likimtiririka. Vipande hulazwa kivulini siku kadhaa mpaka midomo ya majeraha ikauke. Mwenye pupa huvichomeka vikiwa bado vinavuja, vikaoza, kisha akalaumu udongo.

Vikishakauka, huchomekwa kwa kusogeana, kina cha shubiri, kimoja kikiinamia kushoto na mwenzake kulia. Fito za kulala hubana mbele na nyuma, zikafungwa kwa kamba ya mkonge. Nje hutandazwa matawi ya mgunga yenye miiba, kwa sababu mbuzi hali minyaa lakini huipita bila adabu ikiwa changa. Kamba na miiba vitaoza, na vioze tu. Kufikia hapo mizizi imeshika.

Seng'enge ni ya haraka, sikatai. Lakini hushika kutu, na wezi huikata usiku wakaiuza.

Na ua si wa kuzuia tu. Kule Kilimanjaro, mimea ya masale inayotenga kihamba na kihamba, yaani shamba la ukoo na jingine, haizuii hata kuku. Anayeyaheshimu ni jirani, na jani la sale ndilo hubebwa na anayekwenda kuomba msamaha. Kwa hiyo pengo la watoto, wanaokwenda kucheza kwa jirani, mimi silizibi. Nalifanya kilango: nguzo mbili na fito za kuchomoa, wa mwisho kupita azirudishe, jambo ambalo itabidi uwakumbushe kila jioni.