THUREA AU CHANDELIA? UHAKIKI WA ISTILAHI ZA TAA ZA KIOO

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa orodha za makumbusho na hati za forodha ni jina la taa ya matawi mengi, yenye matone ya kioo, inayotundikwa darini. Wengine huiita "chandelia", wengine "taa ya kuning'inia". Kwa maoni yetu majina yote mawili yana kasoro. La kwanza linaazima pasipo haja. La pili halibagui, kwani hata karabai ikitundikwa huwa taa ya kuning'inia. Kiswahili kina neno lake, nalo ni thurea.

Wapo wanaopinga kwamba neno hilo ni la pwani, na kwamba mwanafunzi wa Ngara au Biharamulo, aliyezoea kibatari na chemli, hatalielewa. Hoja hiyo haitoshi. Kwanza, Ngara yenye mitambo ya Rusumo, inayozalisha megawati 80 za umeme kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, haiwezi kuhesabiwa kuwa nchi ya kibatari tu. Pili, chandelia nayo ni ngeni kwa mwanafunzi huyo. Lolote kati ya hayo mawili hana budi kufundishwa. Lakini thurea ina pa kushikia. Katika Kiarabu ni jina la kundi la nyota ambalo sisi huliita kilimia, na kilimia kimetokana na kulima, mzizi uliomo pia katika Kihangaza na Kishubi. Mwalimu akisema, "Thurea ni kilimia cha darini," amekwisha kueleweka.

Kasoro kubwa zaidi ni "kioo kilichokatwa". Msomaji humfikiria fundi wa madirisha. Kinachokusudiwa ni kioo kizito cha Kiingereza chenye madini ya risasi, kilichoanza kutengenezwa baada ya George Ravenscroft kupewa hataza mwaka 1674. Kioo hicho huchongeka kwa gurudumu, na nyuso zake huutawanya mwanga kwa rangi nyingi. Basi kiitwe kioo cha kuchongwa, kibaguliwe na kioo cha kalibu, ambacho hupata umbo lake kwa kukandamizwa tu. Tofauti hii si ya mapambo ya lugha: ndiyo inayopambanua kazi ya mkono na bidhaa ya mashine, na kwa hiyo thamani ya kitu na ushuru wake.

Vipande vinavyoning'inia tusiviite "vipuli", ingawa ni neno zuri la herini. Mahali ambapo l na r hupishana katika matamshi, mtunza ghala atasikia "vipuri". Matone ya kioo yanatosha.

Mwisho, tusiseme "thurea kuukuu". Kilichochakaa hutupwa; cha kale hutunzwa. Mtumishi anayeandika "kuukuu" katika daftari la mali ya umma amekwisha kuidhinisha kitupwe. Na aandike: thurea ya kale ya kioo cha kuchongwa.