Sekunde Nne za Mzee

"Mwanangu, ile 'watarithi' uliyoitoa redioni si yangu."

Mzee aliniambia hivyo kule Hombolo, Dodoma, hata "mbukwa" ya Kigogo ya kuamkiana haijapoa midomoni. Nilikuwa nimemhoji shambani kwake, katikati ya mizabibu, nikamuuliza kama wanawe watairithi kazi ile. Alinyamaza kama sekunde nne, kisha akasema, "Watarithi." Studioni nilikata kimya kile, nikasogeza jibu hadi likakaribia kugusana na swali, nikajiona fundi. Hewani mzee akasikika kama mtu aliyekuja na jibu mfukoni.

"Mimi nilifikiri kwanza," akasema. "Wewe umenifanya nisifikiri."

Katika kazi ya kuhariri sauti sijapata somo lililozidi hilo.

Kwa anayepita mlangoni, kazi yenyewe haina mvuto. Mtu kakaa mbele ya kompyuta, hedifoni masikioni, anaburuta vipande vya mawimbi kulia na kushoto, anarudia neno moja mara kumi. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, sauti ilikaa kwenye utepe, na utepe ulikatwa kwa wembe na kuungwa kwa utepe wa gundi. Ukienda kwa mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde, pumzi ya nusu sekunde ni kipande cha sentimita 19. Kinashikika. Anayekitupa anakiona kikianguka sakafuni. Sisi wa leo hatuoni kinachoanguka. Katika Audacity, programu ya bure iliyotoka mwaka 2000, zamani ulilazimika kuchagua kwanza kifaa chenye mshale wa vichwa viwili ndipo usogeze kipande. Tangu toleo la 3.1 la mwaka 2021, unakishika kichwani na kukivuta tu. Mkono umekuwa mwepesi kuliko sikio, na hapo ndipo wengi tunapoteleza.

Maana kusogeza kipande kuna adabu zake. Kata pale wimbi linapovuka mstari wa sifuri; ukilikata likiwa juu, msikilizaji atasikia "tap!" kama kidole kwenye bati. Ukikisogeza mbele, nyuma yake kunabaki shimo, na shimo la kompyuta ni kimya kitupu ambacho Dodoma hakipo. Hapa kuna upepo wa kiangazi, mlango unaogonga, mbuzi wa jirani. Ndiyo maana kabla ya kufunga vifaa huwa narekodi dakika nzima bila mtu kusema neno. Wenyeji hutazamana. "Sasa unarekodi nini?" Narekodi hewa ya hapo. Nikifika studio naitandika chini ya mashimo, na maneno yanabaki yamesimama kwenye ardhi yao.

Muziki wa Wagogo nao hunyoosha kiburi cha fundi. Sauti za waimbaji hupandana. Kiitikio huingia kiongozi akiwa bado njiani, na huoni pa kupitisha wembe. Ilimba, marimba ya vidole ambayo Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha mbali duniani, huwa na matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui ili kila mlio uvume. Ukiiachia programu kazi ya kusafisha kelele, mvumo ule inaweza kuuhesabu uchafu. Sikio lililokulia hapa linajua kwamba bila mvumo huo, ilimba imenyamazishwa.

Tena mji huu una Bunge. Chukua kishindo cha "ndiyo!" kutoka hoja moja, kisogeze chini ya hoja nyingine: umepitisha sheria peke yako, saa nane za usiku, ukiwa na kikombe cha chai. Kila sauti katika rekodi hiyo ni ya kweli, na rekodi nzima ni uongo. Ufundi wa kuhariri huonekana zaidi kwa kile ambacho fundi angeweza kukisogeza akakiacha mahali pake.

Niliporudi mjini nilifungua kipindi cha mzee. Matoleo haya mapya yana huruma moja: ukipunguza kipande kwa kuvuta ukingo wake, ulichopunguza hakifi, kimejificha tu, na kimya cha mzee nilikuwa nimekipunguza hivyo. Nilisukuma kwanza vyote vilivyofuata ili kupisha, kisha nikaushika ukingo wa swali langu, nikauvuta taratibu kulia. Kimya kikatoka kidogo kidogo: upepo kwenye majani, kengele ya mbuzi mara mbili, mzee akivuta pumzi. "Watarithi" ikaja mwisho, nzito, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba hakuwa na uhakika.

Kipindi sasa kilizidi muda kwa sekunde nne. Nikatafuta pa kuzilipia, nikapapata mwanzoni, kwenye utangulizi wangu.