"Siyavuma" na "Ngiyavuma": Uaguzi na Ungamo Miongoni mwa Wazulu

Katika *Bantu Prophets in South Africa* (1948), Bengt Sundkler anamlinganisha nabii wa makanisa ya Sayuni na isangoma, yaani mwaguzi wa Kizulu: wote wawili huitwa kwa ndoto na maradhi, na wote hufichua yaliyofichika. Kwa msingi huo aliyaona makanisa hayo kuwa daraja la kuwarudisha waumini kwenye upagani, hoja ambayo baadaye aliilegeza.

Ulinganisho huu unasimama yakitazamwa maono. Unayumba ikisikilizwa lugha. Mbele ya isangoma, wateja hupiga makofi na kuitikia "Siyavuma", yaani "tunakubali". Mwitiko ukipamba moto, mwaguzi hujua amekaribia. Ukififia, hubadili mkondo. Kitenzi hicho hicho, ambacho hakina maana ya "kuvuma" kwa Kiswahili, ndicho kinachobeba dhana ya kuungama dhambi. Kinachogeuka ni kiambishi cha nafsi: "Ngiyavuma", yaani "ninakubali". Katika uaguzi, wengi hukubaliana juu ya kosa ambalo mara nyingi ni la mtu asiyekuwapo. Katika ungamo, mmoja hukubali lake mwenyewe, mbele ya wenziwe.

Hata hivyo, nafsi ya kwanza umoja si ithibati ya uhuru. Nabii anapoitaja dhambi kabla ya mwenyewe kufumbua kinywa, "Ngiyavuma" huwa mwangwi tu wa "Siyavuma". Basi swali la msingi si iwapo nabii anafanana na isangoma, bali ni nani kati ya nabii na muumini anayetangulia kusema.