Kijapani Kinachopitia Mlango wa Kiingereza

Kijana wa Himo akitaka kujifunza Kijapani, kwanza inabidi anoe Kiingereza. Hakuna anayeitangaza sheria hiyo, lakini imo ndani ya vitabu vyenyewe. *Minna no Nihongo*, kilichotoka 1998, kimeandikwa Kijapani kitupu, na maelezo ya sarufi yako kwenye kitabu cha pembeni. Wengi wetu tunashika kile cha Kiingereza. *Genki*, kilichofuata 1999, kinaeleza kwa Kiingereza toka ukurasa wa kwanza. Mhusika wa kile cha kwanza ni Mike Miller, Mmarekani mwajiriwa wa kampuni. Wa kile cha pili ni Mary, Mmarekani mwanafunzi. Ni vitabu vizuri, vimepangwa kwa akili. Ila msomaji wanayemfikiria siye sisi, na gharama yake inaonekana kwenye somo la mazungumzo.

Somo lenyewe ni la watu wawili: mwalimu yuko Japani, mwanafunzi ana simu, bando na saa moja aliyoilipia. Himo ni njia panda. Barabara moja inakwenda Holili na Taveta, nyingine inapanda Marangu hadi geti la mlima. Wanaojifunza hapa wengi ni waongoza watalii, na sababu yao haina siri: Kiingereza kila mtu anacho, mwenye lugha ya ziada ndiye anayeitwa kwa jina. Nimekaa nikisikiliza masomo hayo, ya wanaoanza na ya waliofika katikati. Kinachonishangaza ni kiasi cha hela kinachotumika kumfundisha Mswahili kitu ambacho tayari anacho.

Tuanze na sauti. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, zilezile za kwetu. Mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji wiki kadhaa kuzizoea, sisi tunaingia nazo. Tahadhari ni mbili tu. Kijapani hakitofautishi r na l, kwa hiyo kalamu na karamu kwao ni kitu kimoja. Pia urefu wa irabu hubadilisha maana: *obasan* ni shangazi, *obaasan* ni bibi. Ukikosea, umemzeesha mtu.

Halafu njoo kwenye adabu, ambako vitabu hutumia mistari mingi. *Otsukaresama desu* hutafsiriwa kwa Kiingereza kwa maelezo marefu kuhusu uchovu na shukrani kazini. Kwetu ni maneno matatu: pole na kazi. Mtu anapoingia nyumbani kwa mwenzake husema *ojama shimasu*, yaani anaomba radhi kwa kusumbua. Sisi tuna hodi. Na *anata*, ambalo vitabu hulitafsiri "wewe" kisha kuonya usilitumie ovyo, halihitaji onyo kwa mtu aliyekulia Uchagani. Nani hapa atamwambia mama mwenye duka "wewe"? Utamwita Mama Neema, au mama tu. Wajapani nao huita kwa jina, kwa cheo, au kwa neno la undugu hata kama hamjuani.

Haya yangekuwa mambo ya kufurahisha tu kama si mlima. Fikiria Kibo Hut, mita 4,720. Mwongozaji anamuuliza mteja wake, "*Daijoubu desu ka?*" Mteja anajibu, "*Daijoubu desu.*" Kitabu kinasema maana yake ni "niko sawa". Mwongozaji anaridhika, safari ya usiku inaendelea. Lakini *daijoubu* ni neno la kumtoa mwenzako wasiwasi. Hutumika hata kukataa chai. Anaweza kulisema mtu ambaye kichwa kinampasuka, kwa sababu hataki kuwachelewesha wengine.

Sasa niambie, Mswahili gani asiyelijua hili? Habari za nyumbani? Nzuri, ila tuna msiba. Jibu la kwanza ni la adabu, habari yenyewe inakuja nyuma. Hata *chotto*, yaani "kidogo", ambalo Mjapani hulitaja kisha akanyamaza, tunalijua. Mzee wa hapa akisema anaumwa kidogo, watoto wanatafuta gari. Mwongozaji aliyefundishwa kwa Kiswahili asingeishia kwenye *daijoubu*. Angeuliza tena, kwa jambo mahsusi: *atama ga itai desu ka*, kichwa kinauma? Umekula? Umetapika? Kwenye mwinuko ule, swali la pili linaweza kuokoa maisha.

Nisieleweke kwamba Kiswahili ni ufunguo wa kila kufuli. Kinadanganya pia. Sisi heshima yetu inafuata umri: shikamoo inapanda kwa mkubwa. Heshima ya Kijapani huangalia pia nani wa ndani na nani wa nje. Mteja wa miaka 20 anapewa lugha ya juu na mwongozaji wa miaka 50. Mama yako ukimtaja kwa mgeni ni *haha*, wa mwenzako ni *okaasan*. Hapa vitabu vinastahili sifa zao, maana vinapandisha ngazi kwa utaratibu. *Minna no Nihongo* inakuweka kwenye lugha ya adabu hadi somo la 20 ndipo ikufungulie ile ya marafiki. *Genki* inafungua somo la 8. Kwa kazi ya mlimani, ule uvumilivu wa kwanza naupenda zaidi.

Masomo ya mazungumzo nayo yana udhaifu. Mwalimu anasifia kila sentensi, saa inaisha kwa stori za hali ya hewa. Wengine wanageuka kufukuzia cheti cha JLPT, mtihani wenye ngazi tano kuanzia N5 hadi N1, ambao hauna sehemu ya kuongea hata moja. Unaweza kuufaulu na bado usijue kumuuliza mgonjwa swali la pili.

Njia nyingine ipo. NHK ya Japani, yenye matangazo ya Kiswahili, ilitoa masomo 48 ya Anna, mwanafunzi kutoka Thailand, yenye maelezo kwa Kiswahili. Ni ya wanaoanza, hayafiki mbali, lakini Kiingereza hakisimami katikati. Nao vijana wa kujitolea ambao Japani imekuwa ikiwaleta Tanzania tangu 1967 hufundishwa Kiswahili kabla ya kuondoka kwao.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayelipia saa yake: kitabu kishike, usikitupe. Ila ukifika kwenye somo, mwambie mwalimu mwanzoni kabisa hodi ni nini, pole ni nini, na kwa nini tunajibu "nzuri" tukiwa na msiba. Anzieni hapo.