Kumkaba Pelé Ukiwa Umesimama

Tarehe 19 Julai 1966, uwanja wa Goodison Park, Liverpool. Brazil, bingwa wa dunia wa 1958 na 1962, amefungwa na Hungary siku nne kabla na sasa hana budi kuishinda Ureno ili asalie kwenye Kombe la Dunia. Pelé hakucheza na Hungary kwa sababu Wabulgaria walimpiga miguu katika mechi ya kwanza. Leo amerudishwa kabla hajapona sawasawa. Ureno inashinda 3-1, Simões akifunga dakika ya 15 na Eusébio dakika ya 27 na ya 85. Brazil inarudi nyumbani.

Kinachokumbukwa zaidi katika mechi hiyo ni faulo. João Morais, beki wa kulia wa Ureno, alimkata Pelé, Pelé akajikaza aendelee na mpira, Morais akamfuata akamkata tena katika shambulio lile lile. Kadi zilikuwa hazijaanza kutumika, na mwamuzi hakumtoa mtu. Kubadilisha mchezaji nako kulikuwa hakuruhusiwi, basi Pelé akamaliza mechi akichechemea pembeni. Picha ile imezunguka dunia nzima, na watu wengi wanadhani ndivyo Ureno ilivyomzuia Pelé.

Lakini kazi ya kumkaba Pelé hakupewa Morais. Alipewa Vicente Lucas, beki wa Belenenses, mzaliwa wa Lourenço Marques, mji tunaouita leo Maputo. Wakati ule Msumbiji ilikuwa koloni la Ureno, na wanne kati ya nguzo za timu ile walizaliwa huko: Eusébio, nahodha Mário Coluna, beki wa kushoto Hilário, na Vicente. Huyu wa mwisho hakuwa mgeni kwa Pelé. Aprili 1963, mjini Lisbon, Ureno iliifunga Brazil 1-0, na Vicente ndiye aliyekuwa kwenye kivuli cha namba kumi. Ureno hadi leo wanamtaja kuwa beki aliyemsumbua Pelé pasipo kumvunja.

Uchambuzi huu unahusu namna ya pili, ya Vicente. Nauandika nikiwafikiria mabeki wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyopo wilaya ya Dowa nchini Malawi, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe, mahali ambapo vijana wa Uvira, wa Bujumbura na wa Kigali wanacheza timu moja na kupigiana kelele kwa Kiswahili. Vijana wale wanamtazama beki wa Ulaya kwenye banda la video, anateleza mita tatu juu ya majani yaliyomwagiwa maji, anaunyakua mpira, uwanja mzima unashangilia. Kesho yake nao wanateleza, juu ya ardhi nyekundu iliyokauka tangu Mei. Anayeumia kwanza ni paja.

Kazi ilianza kabla ya pasi

Beki anayemkaba mtu kwa mtu huwa na maswali mawili kabla mpira haujafika: nasimama wapi, na naondoka lini? La kwanza lina jibu la kawaida: simama kati ya mtu wako na lango lako. Beki mzuri huongeza nusu hatua kuelekea upande mpira unakotokea. Nusu hatua hiyo inamwezesha kumwona mtu na mpira kwa mtazamo mmoja, bila kugeuza shingo huku na huku. Ukisimama nyuma yake kabisa, utauona mgongo wake tu. Ukisimama mbele yake kabisa, pasi ndefu ya juu itakuua.

Swali la pili ni la mwendo wa mpira. Pasi ikiwa dhaifu, unatoka mapema unauwahi, na mshambuliaji hapati hata kuugusa. Pasi ikiwa kali, usitoke kuuwahi kwa sababu hutaufikia. Toka ili ufike pamoja nao. Mguu wa mshambuliaji unapougusa mpira, wewe uwe umeshafika mgongoni mwake, umbali wa mkono mmoja. Karibu zaidi ya hapo, atakuegemea na kukuzunguka. Mbali zaidi, atageuka.

Kugeuka ndiyo biashara yenyewe. Pelé akilipa mgongo lango lako ni mchezaji hodari kama hodari wengine. Pelé akikutazama usoni, ana chenga, ana shuti, ana pasi, na miguu yote miwili inafanya kazi. Kwa hiyo ushindi wa kwanza wa mkabaji hauonekani kwenye takwimu yoyote: mshambuliaji ameupokea mpira, amekosa nafasi ya kugeuka, ameurudisha nyuma kwa mwenzake. Hakuna aliyepiga makofi, ila shambulio limepoteza sekunde tatu, na katika sekunde tatu Coluna na kiungo mwenzake Jaime Graça wamesharudi katikati.

Akigeuka, usimwingie

Na siku zote atageuka mara kadhaa. Hapo ndipo Vicente na Morais walipoachana njia. Morais alimfuata mtu. Sifa ya Vicente ilikuwa subira: kubaki wima, kuupa mwili upande badala ya kusimama kifua wazi, na kurudi nyuma taratibu huku macho yakiwa kwenye mpira. Mabega na macho ya mshambuliaji hudanganya, kiuno hudanganya pia, lakini mpira hauwezi kudanganya. Ukiutazama wenyewe, chenga ya kwanza inapita hewani.

Beki anayesimama kifua wazi ameachia njia mbili, kulia na kushoto, na tena tundu katikati ya miguu. Akisimama upande amefunga moja na kuacha nyingine, ile anayoitaka yeye. Kwa washambuliaji wengi njia ya kuachwa ni ile ya mguu dhaifu. Kwa Pelé kanuni hiyo haikufaa, maana hakuwa na mguu dhaifu. Dawa ni kumsukuma kuelekea kwenye msaada: kwa Alexandre Baptista, beki mwenzake wa kati, au pembeni kwa Hilário, ambako mstari wa uwanja wenyewe ni mkabaji wa ziada.

Kisha inakuja nafasi ya kuupokonya mpira, nayo huja mara moja tu: pale mshambuliaji anapousukuma mbele kidogo kuliko alivyokusudia. Kati ya mguso huo na unaofuata, mpira si wa mtu. Aliyekwisha kulala chini hawezi kuitumia nafasi hiyo, lakini aliye wima anaweza. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na kwa beki upole huo unapimwa kwa nusu sekunde.

Sidhani ni bahati kwamba ufundi huu uliletwa Lisbon na mtu wa Lourenço Marques. Katika mitaa ya Waafrika wa mji ule, kama Mafalala alikokulia Hilário, mpira ulichezwa kwenye mchanga na udongo, mara nyingi bila viatu. Kwenye uwanja wa namna ile, kuteleza kuna gharama: unachubuka, unachelewa kuinuka, na mpira hudunda usikotarajia. Beki anajifunza kukaa kwa miguu yake kwa sababu ardhi haimpi njia nyingine.

Bei ya kukaba mtu mmoja

Ingekuwa uongo kuusifu mfumo huu bila kutaja bei yake. Siku nne tu baadaye, kwenye uwanja ule ule wa Goodison Park, Ureno ilikutana na Korea Kaskazini katika robo fainali. Vicente alikuwepo, na Baptista, Hilário na Morais pia. Kufikia dakika ya 25 walikuwa wameshafungwa mabao matatu. Wakorea hawakuwa na Pelé. Walikuwa na watu wanaobadilishana nafasi kila mara na kukimbia bila mpira, na beki aliyezoea kumtafuta mtu wake alijikuta hana mtu wa kumtafuta, au ana wawili. Eusébio alifunga mara nne, mechi ikaisha 5-3, na ushindi huo ukayafunika makosa ya nyuma.

Nusu fainali na Uingereza, tarehe 26 Julai, Vicente hakuwepo. José Carlos alichukua nafasi yake. Bobby Charlton alifunga mawili, Ureno ikalala 2-1. Na dawa ya Ureno ikanyweshwa Ureno yenyewe: Nobby Stiles alipewa kazi moja tu, kumfuata Eusébio, na bao pekee la Eusébio siku ile lilikuwa la penalti. Ureno ilimaliza nafasi ya tatu baada ya kuifunga Umoja wa Kisovieti 2-1.

Mwaka haukuisha kabla Vicente hajapata ajali ya gari iliyomnyang'anya jicho moja, akalazimika kuacha mpira akiwa na miaka 31 na mechi 20 za timu ya taifa. Kwa mchambuzi, hapa hapahitaji maneno mengi. Akili hutumia macho mawili kupima umbali wa kitu kilicho karibu, na karibu kila kitu nilichoeleza hapo juu ni kupima umbali: mkono mmoja kutoka mgongoni, nusu hatua upande wa mpira, mguso uliozidi kidogo. Mbio na nguvu zingebaki, lakini chombo cha kazi kilikuwa kimeondoka.

Lilongwe na Dzaleka

Mpira wa leo haumkabi mtu mmoja uwanja mzima. Mfano ulio karibu nasi ni timu ya taifa ya Malawi, Flames, tarehe 18 Januari 2022, ilipotoka 0-0 na Senegal ya Sadio Mané mjini Bafoussam na kuvuka hatua ya makundi ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Senegal ndiyo iliyokuja kulitwaa kombe. Timu inayokaba eneo haimpi mtu mmoja kazi ya kumfuata mtu kama Mané. Kila anapoingia kwenye nafasi ya beki fulani, huyo ndiye wake. Lakini mtazame huyo aliyemkuta: anafika pamoja na mpira, anasimama upande, hamwingii ovyo. Mfumo umebadilika, ila dakika ya mtu kwa mtu ni ile ile.

Ndiyo maana hata Silver Strikers ya Lilongwe, iliyotwaa ligi kuu ya Malawi mwaka 2024 baada ya miaka 11, haikushangaza kuwa na mwalimu aliyekuwa beki: Peter Mponda, nahodha wa zamani wa Flames. Aliyecheza nyuma huwa anajua kwamba mechi nyingi hupotea kwa beki aliyefanya haraka.

Uwanja wa Bingu, Lilongwe, una majani na viti zaidi ya elfu arobaini. Dzaleka haina vitu hivyo, lakini ina ardhi ngumu, na kwa somo hili ardhi ngumu ni mali. Zoezi ninalolipendekeza kwa walimu wa pale halihitaji koni wala jezi. Chora mraba kwa kijiti, hatua kumi kila upande. Mshambuliaji asimame ndani akiupa mgongo mstari wa nyuma, beki nyuma yake, mpigaji pasi nje kwa mbele. Pasi ikiingia, hesabu kwa sauti hadi tano. Mshambuliaji akigeuka na kuuvusha mpira mstari wa nyuma kabla ya tano, amepata pointi. Akishindwa, pointi ni ya beki, hata kama beki hakuugusa mpira kabisa. Beki akilala chini, au akishika jezi, pointi mbili zinaenda kwa mshambuliaji.

Mwanzoni mabeki watalalamika. "Mwalimu, mpira ameubakiza yeye, mbona pointi yangu?" Jibu ni moja: "Ndiyo, mdogo wangu, ameubakiza. Amekufunga?"

Baada ya wiki kadhaa badilisha sharti. Weka washambuliaji wawili wanaobadilishana nafasi na mabeki wawili wanaokabidhiana kwa sauti, "chukua", "wangu", "baki", ili kile kilichowakuta Wareno mbele ya Korea kisiwakute. Na sauti hiyo iwe lugha moja iliyokubaliwa kabla ya mechi. Katika timu yenye Waswahili, Warundi na Wachewa, neno likichelewa nusu sekunde ni bao.

Mwisho, kuhusu Morais. Wapo watakaosema naye pia alimzuia Pelé, tena kwa ukamilifu zaidi. Kwa sheria za 1966, wana hoja. Kwa sheria za leo, faulo zile mbili ni kadi nyekundu, mpira wa adhabu mahali pabaya, na saa nzima ya kucheza watu kumi. Beki wa Dzaleka anayeota siku moja kusajiliwa na timu ya Lilongwe ahesabu hivyo kabla hajamfuata mtu. Kinachomfanya beki asajiliwe ni kumaliza dakika tisini akiwa bado uwanjani, na mtu wake akiwa bado anatafuta nafasi ya kugeuka.