Barakoa Aliyoikataa John Stewart

Mwaka 1971, Denny O'Neil na Neal Adams walimleta John Stewart, msanifu majengo Mweusi anayepewa pete ya Green Lantern. Vazi linakuja na barakoa. Jamaa anaikataa: hana cha kuficha. Kwangu huo ndio ubunifu, kupunguza kitambaa ili uso ubaki.

Sasa mcheki Miles Morales, aliyemrithi Peter Parker kama Spider-Man mwaka 2011. Suti yake nyeusi yenye utando mwekundu ni kali, sikatai. Sara Pichelli anajua kazi. Lakini inamfunika hadi kucha. Ukipishana naye mtaani utaona weusi wa nguo tu. Na Peter mwenyewe alishavaa nyeusi 1984, hakuna aliyemdhania Mweusi.